Michael Faraday: Fundi wa kujalidi vitabu anayechaji betri hadi leo

Boti ya matanga imetia nanga. Usiku kucha taa zimewaka, friji imenguruma, redio iko hewani, na kufika asubuhi betri imekwisha. Mwenye boti anawasha injini na kuiacha ingurume polepole saa nzima. Dizeli inaenda, betri bado iko chini. Analaumu betri, ananunua nyingine. Mwezi ujao hadithi ni ile ile.

Sehemu kubwa ya jibu lake ilipatikana mwaka 1831, na aliyeipata hakuwahi kukanyaga chuo. Mimi pia niliacha chuo katikati, kwa hivyo mkiona nampenda huyu mzee kupita kiasi, mnajua sababu.

Michael Faraday alizaliwa Septemba 22, 1791, Newington Butts, kusini mwa London. Babake alikuwa mhunzi, tena mgonjwa kila mara, na nyumbani walisota kweli kweli. Kuna wakati kijana alipewa mkate mmoja umtoshe wiki nzima. Shuleni alipata kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Akiwa na miaka 13 alikuwa akisambaza magazeti kwa muuza vitabu aliyeitwa George Riebau. Mwaka uliofuata akaanza uanagenzi wa kujalidi vitabu duka hilo hilo, miaka saba.

Wengine wangejalidi na kwenda zao. Yeye alisoma alichojalidi. Siku moja akakutana na makala kuhusu umeme katika Encyclopaedia Britannica, na ganji kidogo aliyokuwa nayo ikawa inaishia kwa vifaa vya kujaribu alichosoma.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za mihadhara minne ya Humphry Davy pale Royal Institution. Davy alikuwa staa wa kemia London nzima. Faraday aliandika kila kitu, akachora vifaa, akajalidi kitabu cha kurasa kama 300 na kumtumia Davy akiomba kazi. Nafasi haikuwepo. Halafu msaidizi wa maabara akapigana kazini, akafutwa. Machi 1, 1813 Faraday akaandikwa: shilingi 25 kwa wiki na vyumba viwili vya juu kabisa.

Usidhani mambo yalinyooka hapo. Davy na mkewe walipofunga safari ya Ulaya mwaka huo, mtumishi wao alikataa kwenda, na Faraday akabebeshwa kazi yake. Mke wa Davy alimchukulia kama kijakazi tu. Jamaa alifikiria kuacha, akavumilia. Safarini alikutana na Alessandro Volta, aliyetengeneza betri ya kwanza duniani.

Pigo kubwa lilikuja baadaye. Mwaka 1821 alifanya waya wenye umeme uzunguke sumaku bila kusimama. Hiyo ndiyo babu ya mota zote. Lakini alichapisha haraka bila kumtaja William Wollaston, msomi mkubwa aliyekuwa akifikiria jambo linalokaribiana na hilo, na watu wakaanza kunong'ona kwamba ameiba. Mwaka 1824 jina lake lilipopigiwa kura Royal Society, aliyempinga waziwazi alikuwa Davy mwenyewe, aliyemtoa dukani. Faraday akapita hata hivyo. Hakujibu kwa kelele. Alirudi maabara.

Agosti 29, 1831 alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya upande mmoja, na waya mwingine upande wa pili. Ule wa kwanza akauunganisha na betri. Sindano ya kupimia upande wa pili ikaruka kidogo, ikarudi, ikatulia. Betri bado imeunganishwa, umeme bado unapita huku, lakini kule kimya. Alipokata betri, sindano ikaruka tena. Akaelewa: sumaku ikikaa tuli haitoi kitu. Umeme unazaliwa sumaku inapobadilika au kusogea. Oktoba 28 akazungusha sahani ya shaba katikati ya ncha za sumaku kubwa, na umeme ukatoka mfululizo.

Sasa rudi kwenye ile boti. Altaneta ni wazo hilo hilo: sumaku inazungushwa na mkanda wa injini ndani ya koili za waya wa shaba. Ikizunguka polepole, umeme ni kidogo. Kwa hivyo injini inayonguruma tu inakula dizeli bure. Kuongeza mwendo kiasi husaidia. Mafundi wengine huweka puli ndogo kwenye altaneta izunguke kasi zaidi, baada ya kuhakikisha kwamba haitapita kasi yake ya mwisho na kwamba mkanda hautelezi.

Tatizo la pili ni njia. Waya mwembamba na viungo vyenye kutu hula volti kabla hazijafika kwa betri. Weka waya mnene, safisha viungo.

La tatu ni reguleta. Altaneta nyingi za boti zina reguleta ya aina ya gari. Gari hutumia betri kidogo kujiwasha, halafu linarudisha hicho kidogo. Betri ya boti imenyonywa hadi nusu, na reguleta hiyo inapunguza nguvu mapema mno. Kuna reguleta za hatua: betri ya risasi ya volti 12 hushikiliwa kwenye volti 14.4 hivi kwa muda mrefu, kisha zinashushwa. Nzuri zaidi ni ile inayopima volti pale kwenye betri yenyewe na kuangalia joto la altaneta, maana altaneta ikifanya kazi kwa nguvu zote saa nyingi huweza kuungua. Asilimia 20 ya mwisho betri ya risasi huipokea polepole hata ufanye nini. Hiyo iachie sola.

Faraday mwenyewe aliiona bahari kwa karibu. Kuanzia 1836 alikuwa mshauri wa Trinity House, shirika linalosimamia minara ya taa Uingereza. Mwaka 1858 mnara wa South Foreland, pwani ya Kent, uliwashwa kwa umeme wa mashine ya Frederick Holmes: injini ya mvuke inazungusha, sumaku na koili zinatoa mwanga kwa mabaharia. Faraday, akiwa na miaka 67, ndiye aliyeikagua. Wazo la mezani kwake sasa lilikuwa linawaokoa watu wasipige mwamba.

Hesabu za juu zilimshinda hadi mwisho. Alichora mistari ya nguvu za sumaku, na baadhi ya wasomi wakaiona michoro tu, hadi James Clerk Maxwell alipoigeuza kuwa hesabu. Faraday alikataa cheo cha ubwana, akakataa urais wa Royal Society, ile ile iliyomnong'ona. Uzeeni kumbukumbu ilimtoroka, mtu aliyeandika kila jaribio ili asisahau. Alifariki Agosti 25, 1867 nyumbani Hampton Court, akazikwa Highgate chini ya jiwe la kawaida.

Kwa hivyo kabla ya kununua betri ya tatu, ndugu yangu, fungua kifuniko cha injini. Angalia mkanda, fuata waya hadi mwisho, pima volti kwenye betri yenyewe injini ikiwa inazunguka. Andika ulichokiona. Hivyo ndivyo yule kijana wa duka la vitabu alivyoanza, na hakuna aliyemwomba cheti.