Brainerd, msomi aliyefichua machotara ya urujuani

MWISHONI mwa karne ya 19, orodha ya maua-mwitu ya urujuani huko Marekani ilikuwa ikirefuka kila uchao. Wataalamu, hasa Edward Lee Greene, walitangaza spishi mpya mara nyingi kwa kutazama umbo la jani au vinyweleo vya kikonyo. Aliyeitilia shaka orodha hiyo alikuwa mkuu wa chuo, Ezra Brainerd.

Brainerd alizaliwa St. Albans, Vermont, mnamo 1844. Alihitimu katika Chuo cha Middlebury mwaka wa 1864, kisha akakiongoza kuanzia 1885 hadi 1908. Aliyapenda mawe kabla ya kuyapenda maua, na miamba ya bonde la Champlain ilimpa sifa ya mwanajiolojia.

Urujuani alioushughulikia si lile ua la Usambara linalopandwa vyunguni. Hayo hayana udugu wowote ila jina la Kizungu.

Urujuani-mwitu una siri. Baada ya maua ya kupendeza ya majira ya machipuko, mingi huzaa mengine yasiyofunguka kamwe. Haya hujichavusha yenyewe, na nyuki hana mlango wa kuletea chavua ya jirani. Hapo ndipo Brainerd alipopata shahidi wake. Alihamishia bustanini mimea iliyomtatiza, akavuna mbegu za maua hayo yaliyofumba, akaziotesha, akangoja. Spishi halisi ilitoa miche inayofanana na mama. Mmea chotara uliumbuka: miche ya tumbo moja ikatofautiana, huu ukiwa na jani lililokatika vidole, ule jani zima la mviringo. Isitoshe, vitumba vya chotara vilitoa mbegu chache. Kanuni za Mendel, zilizofufuliwa mwaka wa 1900, zilieleza sababu.

Kuanzia 1904 alichapisha matokeo hayo, na majina kadhaa yaliyokuwa yakiheshimiwa yakageuka kuwa ya machotara tu. Kwa kinaya, Greene alikuwa amempa heshima ya kuuita urujuani mmoja Viola brainerdii. Siku hizi huo nao huhesabiwa ndani ya spishi nyingine, Viola renifolia.

Kitabu chake kuhusu urujuani wa Amerika Kaskazini kilitoka mwaka wa 1921, akiwa na umri wa miaka 76. Alifariki 1924. Bintiye, aliyeitwa Viola, alichapisha chake kuhusu maua hayo hayo mnamo 1942.