Bob Simmons, mwanahesabu aliyebadili umbo la ubao wa mawimbini

Tarehe 26 Septemba mwaka 1954 mawimbi yalikuwa makubwa kwenye ufuo wa Windansea, huko La Jolla, California. Miongoni mwa walioingia majini siku hiyo alikuwamo mwanamume wa miaka 35, mwenye mkono wa kushoto usiokunjuka sawasawa. Hakurudi nchi kavu akiwa hai.

Mtu huyo alikuwa Bob Simmons, na mchango wake katika uchongaji wa mbao za kutelezea mawimbini ungali ukijadiliwa hadi leo.

Simmons alizaliwa mjini Los Angeles mwaka 1919. Ujana wake ulitawaliwa na maradhi. Uvimbe katika kifundo cha mguu nusura umpotezee mguu wenyewe, na baadaye aligongwa na gari alipokuwa akiendesha baiskeli, ajali iliyomharibia kiwiko. Inasimuliwa kwamba ni hospitalini, kwa mgonjwa mwenzake, alikosikia kwa mara ya kwanza habari za mchezo wa mawimbi.

Mbao za wakati ule zilikuwa mzigo. Nyingi zilichongwa kwa miti mizito, na zile nzito zaidi zilipita kilo 40. Kwa mtu mwenye mkono mmoja mzima, kuubeba ubao wa namna hiyo hadi majini ilikuwa kazi ya kumvunja moyo. Kwake yeye wepesi wa ubao haukuwa anasa.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alijifunza uchongaji katika karakana ya Gard Chapin. Tofauti na mafundi wengi, Simmons alikuwa amesoma katika chuo cha Caltech na kufanya kazi katika kiwanda cha ndege cha Douglas. Mwaka 1946 kilitoka kitabu cha Lindsay Lord kuhusu maumbo ya boti za kasi, zile ambazo zikishika mwendo huinuka na kuteleza juu ya maji badala ya kuyapasua. Lord alikuwa amepima jinsi uwiano wa upana na urefu unavyoamua nguvu ya kuinuka.

Simmons alitambua kuwa ubao wa mawimbini nao ni chombo cha namna hiyo. Akaupanua upande wa tezi, akauinua upande wa omo ili usizame, na akazichonga kingo ziwe nyembamba. Chini, upande wa nyuma, alitia mbonyeo ili maji yanayopita yauinue ubao na kutoka kwa kasi. Lakini tezi pana huponyoka wimbi likisimama wima, hivyo akafunga mapezi mawili, moja kila upande, badala ya moja la katikati.

Vita vilikuwa vimeleta pia faiba na gundi za kisasa. Povu jepesi la plastiki lilimvutia zaidi, ila gundi ile iliyeyusha povu mara tu ilipoligusa. Mnamo mwaka 1949 alipata njia: alilifunika povu kwa plaiwudi nyembamba, akazungushia kingo za mti wa balsa, ndipo akapaka faiba juu yake. Ubao ukawa mwepesi na imara kwa pamoja.

Hakuwa mtu wa kupendeka kirahisi. Alikuwa mkavu wa maneno, na mara nyingi alilala ndani ya gari lake kuukuu akifukuzia mawimbi pwani nzima.

Inaaminika kwamba siku ile ya Septemba aligongwa kichwani na ubao. Siku hizo haukufungwa kwa kamba mguuni. Mwili wake ulipatikana siku tatu baadaye.

Kwa miongo kadhaa mbao zake zilikaa maghalani. Katika miaka ya 2000 wachongaji wa San Diego walizichunguza upya, wakatengeneza mbao fupi zenye tezi pana na mapezi mawili. Wakaziita Mini Simmons.