Edward Sokoine: mbunge wa wafugaji aliyebeba vita, njaa na deni la waliorudi

Kila ifikapo Aprili 12 redio nyingi nchini humkumbuka Edward Moringe Sokoine, na karibu zote humkumbuka kwa jambo moja, msako wa wahujumu uchumi. Hapa kwetu ni hivyo hivyo. Ukikaa na wazee wa Turwa au Sirari ukawauliza habari za mwaka 1983, watakuanzia kwenye sabuni, sukari na mafuta ya taa. Lakini kabla ya msako huo Sokoine alikuwa mbunge wa wafugaji, waziri wa ulinzi, kisha Waziri Mkuu wakati wa vita vya Kagera. Kwa sisi wa Mara, ambao vijana wetu wengi walikwenda vitani, sehemu hiyo ya maisha yake inatuhusu zaidi.

Alizaliwa Monduli Agosti 1, 1938, katika familia ya wafugaji wa Kimaasai. Alisoma Monduli na baadaye Umbwe, Kilimanjaro. Alijiunga na TANU mwaka 1961, akaenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala na fedha, na aliporudi akawa ofisa mtendaji wa wilaya ya Masai. Mwaka 1965 wananchi wa huko walimpeleka bungeni.

Ubunge huo haukuwa mwepesi. Mwaka mmoja kabla, serikali ilikuwa imetunga sheria ya kuendeleza nyanda za malisho. Wafugaji walitakiwa kuunda vyama vya ufugaji, wapate eneo lao, maji na majosho, na wao kwa upande wao wapunguze mifugo na kuipeleka mnadani. Mkurya hahitaji kuelezwa ugumu wa maneno hayo. Ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima ya boma. Mtu wa serikali akikuambia uuze nusu ya zizi, unajiuliza kwanza amefuga wapi. Sokoine alikuwa na nafasi ambayo maofisa wengi hawakuwa nayo: alizungumza na watu wake kwa Kimaasai na yeye mwenyewe alikuwa na ng'ombe. Aliwahimiza pia wapeleke watoto shule, jambo ambalo wazee wengi wakati huo waliliona kama kupoteza wachungaji.

Alipanda haraka. Naibu waziri mwaka 1967, Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1972, na Februari 1977 Mwalimu Nyerere akamteua kuwa Waziri Mkuu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka eneo la kaskazini ya mto Kagera. Novemba 2 Mwalimu alilitangazia taifa kwamba tutapigana. Kazi ya Sokoine haikuwa ya bunduki. Aliwaagiza wakuu wa mikoa wakusanye magari, mafuta na chakula, na malori ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kupeleka askari Kagera. Jeshi ambalo halikufikia watu 40,000 lilipanuka kwa miezi michache hadi zaidi ya 100,000, kwa kuongezwa polisi, JKT na hasa mgambo, yaani wakulima na wafugaji walioacha jembe na fimbo wakapewa silaha.

Mara ilitoa watu wengi. Mmoja wa makamanda, Brigedia Mwita Marwa wa Brigedi ya 208, ana jina ambalo ukiliita sokoni Tarime watageuka watu kumi. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979.

Baada ya shangwe ikaja hesabu. Vita viliigharimu nchi takriban dola za Marekani milioni 500. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka uleule wa ushindi, na lori lililokuwa Uganda halikuweza kubeba pamba ya Musoma wala mahindi ya Tarime. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita, na watu wakaendelea kupanga foleni ya unga wa njano uliotoka nje.

Na waliopigana? Walioendelea na jeshi walikuwa na mshahara. Mgambo walirudishwa vijijini, na huko walikuta maduka matupu na mazao yasiyo na wa kuyasomba. Nionavyo mimi, hapa ndipo serikali aliyoiongoza Sokoine ina machache ya kujivunia. Nchi ilijua namna ya kukusanya watu kwenda vitani kuliko ilivyojua namna ya kuwapokea. Huku kwetu kulikuwa na balaa la ziada: silaha za moto ziliongezeka baada ya vita, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mishale na mapanga ukawa wa risasi. Familia za Tarime na Serengeti zililipa gharama hiyo kwa miaka mingi.

Novemba 1980 Sokoine aliacha uwaziri mkuu kwa sababu za afya. Aliporudi Februari 1983 hali ilikuwa mbaya zaidi, na mwezi uliofuata msako ukaanza. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, kwa hiyo Sirari ilikuwa njia ya magendo kwa usiku na mchana. Watu wengi walifurahia msako ule, na sababu ilikuwepo. Ila lazima tuseme pia kwamba mahakama maalumu haikuruhusu dhamana wala wakili, na kwamba mama aliyevusha mche mmoja wa sabuni aliogopa sawa na tajiri mwenye ghala. Ile sheria ya Nguvu Kazi nayo iliwaondoa mijini watu waliohesabiwa hawana kazi, ikitaka wakalime.

Sera ya kilimo ya 1983 ilikuwa na mantiki bora kuliko msako. Vyama vya ushirika, vilivyofutwa mwaka 1976, vilikuwa vinarudishwa kwa sheria ya 1982, ili mkulima awe tena na chombo chake cha kuuzia pamba na kahawa. Novemba 1983 mpaka wa Kenya ulifunguliwa, Sirari ikarudi kupitisha watu mchana kweupe.

Alhamisi, Aprili 12, 1984, Sokoine alikuwa akitoka bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam kwa barabara. Gari lake liligongana na jingine Dakawa, Morogoro, akafariki akiwa na miaka 45. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa kupitia Radio Tanzania. Alizikwa nyumbani, Monduli Juu.

Mwaka huohuo sheria ya wahujumu uchumi ilifutwa na kesi hizo zikarudishwa Mahakama Kuu. Julai 1984 kitivo cha kilimo cha Morogoro kilifanywa chuo kikuu kamili na kupewa jina lake. Wataalamu wengi wa mifugo na kilimo wanaopita vijijini kwetu leo, wakihubiri majosho na mbegu bora, wamesoma hapo.