Al-Biruni: Aliyeipima dunia kwa kilima kimoja

Kijana wa kidato cha tano mjini Moshi anaishi na Kibo mbele ya macho yake. Ameambiwa kwamba kilele kile kina mita 5,895, ameandika kwenye daftari, na mtihani ukiuliza atajibu. Lakini mwulize mtu anajuaje urefu wa mlima bila kushusha kamba kutoka kileleni. Wengi watanyamaza. Hapo ndipo fizikia inapowashinda vijana wetu, maana somo hili halianzii kwenye fomula, linaanzia kwenye kupima.

Ni vyema basi tukamkumbuka Abu Rayhan al-Biruni. Alizaliwa mwaka 973 (362 Hijria) katika mji wa Kath, Khwarazm, sehemu ambayo leo iko Uzbekistan. Alisomeshwa na mwanahisabati Abu Nasr Mansur, na kabla ya kutimiza miaka 20 alikuwa amekwishapima kimo cha jua ili kujua mji wake uko wapi katika uso wa dunia. Huo ndio umri wa wanafunzi wetu wa kidato cha tano na sita.

Maisha hayakumpa utulivu. Mwaka 995 vita vilimkimbiza kwao. Mwaka 997 yeye na Abu al-Wafa, aliyekuwa Baghdad, walitazama kupatwa kwa mwezi kila mmoja akiwa katika mji wake, na kwa tofauti ya saa wakajua miji hiyo imeachana kiasi gani mashariki na magharibi. Mwaka 1017 Sultani Mahmud aliiteka Khwarazm akamchukua hadi Ghazna, Afghanistan ya leo. Mwingine angekata tamaa. Yeye alijifunza Kisanskriti, akaandika juu ya India, na akaandika kitabu cha kubainisha mahali ilipo miji, ikiwamo kazi ya kujua kibla cha Ghazna.

Katika miaka hiyo alifika Nandana, Pakistan ya leo. Kabla yake, wataalamu wa Khalifa al-Ma'mun walilazimika kutembea jangwani wakiipima ardhi ili kujua ukubwa wa dunia. Al-Biruni alitumia kilima. Kwanza alipima pembe ya kilele kutoka sehemu mbili za uwanda, akapata urefu wa dhiraa 652. Kisha akapanda juu, akatazama pale mbingu inapokutana na ardhi, akapima upeo ule umeinama kiasi gani chini ya usawa wa jicho. Akapata dakika 34 za pembe, zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kwa namba hizo mbili na hesabu za pembetatu, akapata nusu kipenyo cha dunia kinachokaribia kile tunachokijua leo, kilomita 6,371. Alifariki Ghazna karibu mwaka 1048.

Ndugu msomaji, kutoka Moshi mjini Kibo kinaonekana kwa pembe ya kama nyuzi 9. Kipima pembe, uzi na jiwe vinatosha kuanzia. Mwanafunzi aanze na mnara wa msikiti, kisha auendee mlima, akijua kwamba kwa mlima hatua 100 hazitoshi, zinahitajika kilomita kadhaa kati ya sehemu mbili za kupimia. Jibu likikataa, atafute sababu.

Wala tusidhani haya ni ya kale tu. Mwaka 1969 Erasto Mpemba, akiwa katika Chuo cha Wanyamapori Mweka, palepale mteremkoni mwa Kilimanjaro, alichapisha pamoja na Denis Osborne makala kuhusu maji ya moto kuwahi kuganda kuliko ya baridi. Aliliona jambo hilo akiwa sekondari, akachekwa, lakini hakuacha kujaribu. Wanasayansi wanalijadili hadi leo.

Tunapenda kujivuna kwamba al-Biruni alikuwa Muislamu mwenzetu. Fahari hiyo haimsaidii mtoto aliyeikimbia fizikia kwa sababu hakuwahi kupewa kitu cha kupima. Wazazi na walimu, watoeni vijana nje ya darasa. Mlima uko pale.