Beryl Markham: Rubani wa Njoro na somo la kuzuia injini kuzimika angani

SEPTEMBA 5, 1936, ndege ndogo yenye injini moja ilianguka kwenye tope na mawe huko Cape Breton, mashariki ya Kanada. Pua ilizama kwenye tope, mkia ukabaki juu. Mwanamke aliyekuwa ndani peke yake alitoka akiwa na jeraha kichwani, akaanza kutembea kutafuta watu. Alikuwa amekaa angani zaidi ya saa 20 akitokea Uingereza, bila kutua popote.

Jina lake lilikuwa Beryl Markham. Ndege aliyoirusha ilikuwa na herufi za usajili wa Kenya, VP-KCC, na yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa Njoro katika Bonde la Ufa. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake, bila kutua, kutoka Uingereza kuelekea magharibi. Amelia Earhart wa Marekani alikuwa amevuka mwaka 1932, lakini yeye alitoka magharibi kwenda mashariki, akisukumwa na upepo. Beryl alipambana na upepo huo uso kwa uso.

Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ujasiri. Kwa vijana wa ukanda wetu wanaojaribu kuunda ndege nyumbani, na kwa sisi tunaopanda ndege ndogo kufuata biashara, yana somo jingine: injini ya angani huokolewa ikiwa bado chini.

Mtoto wa Njoro

Beryl alizaliwa Uingereza Oktoba 26, 1902. Alikuwa bado mtoto mdogo wazazi wake walipohamia Kenya, wakati huo ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Mama yake hakuyaweza maisha ya shamba, akarudi kwao. Beryl akabaki na baba yake, Charles Clutterbuck, aliyekuwa akifuga na kufundisha farasi wa mashindano.

Alikua pamoja na watoto wa Kikalenjin waliokuwa wakiishi shambani hapo. Alijifunza lugha yao na Kiswahili, akawinda nao porini bila viatu. Mmoja wa rafiki hao wa utotoni, Kibii, baadaye aliitwa arap Ruta. Huyu alifanya kazi na Beryl kwa miaka mingi, kwanza kwenye mazizi ya farasi, kisha kwenye uwanja wa ndege. Tusisahau kwamba ilikuwa enzi ya ukoloni: mmoja alikuwa bibi mwenye mali na mwingine mtumishi, ingawa walicheza pamoja walipokuwa watoto. Wanaosimulia safari za Beryl wangefanya haki kumtaja pia arap Ruta, kwa sababu ndege haitunzwi na rubani peke yake.

Baba yake alipofilisika baada ya ukame na kuhamia Peru, Beryl alibaki Kenya. Akiwa na umri wa miaka 18 hivi alipata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano, jambo ambalo wanawake hawakuwa wakilifanya. Mwaka 1926 farasi wake, Wise Child, alishinda mbio kubwa za St. Leger mjini Nairobi.

Leseni iliyodai mikono michafu

Mwaka 1931 alianza kujifunza urubani. Mwalimu wake alikuwa Tom Campbell Black, rubani wa kampuni ya Wilson Airways iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson. Uwanja wa Wilson, ambao wasafiri wengi wa Nairobi wanaufahamu, umebeba jina la mama huyo.

Hatari haikuwa hadithi tu. Mei 14 mwaka huohuo, rafiki yake Denys Finch Hatton alianguka na ndege yake mara tu baada ya kuruka kutoka Voi. Alikufa pamoja na mtumishi wake, Kamau. Beryl alikuwa karibu kufuatana nao katika safari hiyo, lakini mwalimu wake alimshawishi abaki.

Hakuacha kujifunza. Mwaka 1932 alirusha ndege yake mwenyewe, aina ya Avro Avian, kutoka Kenya hadi Uingereza akiwa peke yake. Mwaka 1933 alipata leseni ya daraja la B, iliyomruhusu kubeba abiria na mizigo kwa malipo. Leseni hiyo haikutolewa kwa kujua kurusha tu. Ilimbidi mtahiniwa afungue injini, asafishe njia za mafuta na vichujio, abadilishe plagi na kurekebisha pointi za magneto.

Baada ya hapo alifanya kazi ya kuajiriwa kwa safari. Alibeba barua na abiria, akawatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani, na usiku mmoja alipeleka mtungi wa oksijeni kwa mgonjwa huko Nungwe, kwenye machimbo ya dhahabu kusini mwa Ziwa Viktoria. Katika nchi zisizokuwa na taa wala viwanja, injini ikizimika hapakuwa na fundi wa kupigiwa simu.

Cheche mbili katika kila silinda

Hapa tueleze magneto ni kitu gani, maana ndiyo moyo wa somo hili. Injini ya petroli huhitaji mafuta, hewa na cheche. Katika gari, cheche hutegemea umeme wa betri. Magneto haihitaji betri: ndani yake kuna sumaku inayozungushwa na injini yenyewe kupitia gia. Mzunguko huo huzalisha umeme kwenye koili, pointi zinapofunguka umeme hupanda hadi maelfu ya volti, na plagi inapiga cheche. Maadamu injini inazunguka, magneto inafanya kazi hata kama betri imekufa kabisa.

Waundaji wa injini za ndege hawakuridhika na hilo. Waliweka magneto mbili, na kila silinda ikapewa plagi mbili. Ndege aliyovukia Beryl, aina ya Vega Gull, ilikuwa na injini ya Gipsy Six yenye silinda 6. Kwa hiyo ilikuwa na plagi 12, nusu zikilishwa na magneto moja na nusu na nyingine. Moja ikifa, injini inapungua nguvu kidogo lakini inaendelea.

Ndiyo maana rubani wa ndege ya namna hiyo hafungi breki na kunguruma uwanjani kwa mbwembwe. Kabla ya kuruka huongeza mzunguko wa injini, huzima magneto moja, huirudisha, kisha huzima ya pili. Mzunguko ukishuka kidogo, mambo ni salama. Ukishuka mno, upande unaobaki ni mgonjwa. Usiposhuka kabisa, hiyo nayo ni habari mbaya: huenda waya wa kuizimia magneto umekatika, na mtu akigusa propela ndege ikiwa imeegeshwa, injini inaweza kuwaka na kumuua.

Usiku juu ya Atlantiki

Ndege ya safari ile ilikuwa ya John Carberry, mlowezi wa Nyeri, ambaye aliitaka irudi kwa ajili ya mashindano ya kwenda Johannesburg mwishoni mwa Septemba. Iliongezewa matangi hadi ndani ya chumba cha rubani. Beryl aliruka kutoka Abingdon jioni ya Septemba 4, katika hali mbaya ya hewa.

Matangi ya akiba hayakuwa na kipimo cha mafuta. Utaratibu ulikuwa kuliacha tangi likauke, kisha kufungua linalofuata. Usiku, katikati ya dhoruba, injini ilizimika ghafla. Ndege iliporomoka kuelekea baharini huku akipapasa gizani kutafuta bomba la tangi jipya, na ikawaka tena maji yakiwa karibu. Cheche zilikuwapo, kilichokosekana kilikuwa mafuta, na tangi jingine lilikuwapo la kuokoa.

Asubuhi ilipofika aliona nchi kavu. Alikuwa kwenye tangi la mwisho, lililotosha kumfikisha mbele zaidi. Injini ikaanza kukohoa, ikawaka, ikazima tena. Chanzo kilikuwa barafu iliyoziba njia ya hewa ya tangi hilo. Kila mfanyabiashara wa mafuta anajua kwamba dumu lisilopata hewa halimimini sawasawa. Magneto zote mbili zilikuwa nzima na plagi zote 12 zilikuwa tayari, lakini hapakuwa na tangi jingine wala njia nyingine ya hewa. New York, alikokusudia kutua, aliingia kwa ndege nyingine, na mji ukampokea kwa shangwe.

Siku chache baadaye, Septemba 19, mwalimu wake Campbell Black alikufa Liverpool, ndege yake ilipogongana na nyingine ikiwa bado ardhini.

Somo kwa waundaji wa leo

Ndege nyingi zinazoundwa nyumbani siku hizi hazina magneto. Zina injini zinazowashwa kwa umeme wa kielektroni, na pampu ya mafuta nayo ni ya umeme. Mfumo huo huwasha vizuri na hupunguza matumizi ya mafuta, lakini umerudisha utegemezi ule ambao magneto iliuondoa: betri ikifa, injini inakufa.

Hapa Kiyovu mtu mwenye jenereta huamini kwamba giza halimhusu. Lakini umeme wa mtaa na jenereta vikipita kwenye swichi moja, siku swichi hiyo ikiungua nyumba yote ni giza. Mfanyabiashara anayevuka Rusumo au Gatuna hugawa fedha zake mifuko miwili; mifuko hiyo ikiwa kwenye begi moja, mwizi huchukua yote. Wenzangu tuliokulia uhamishoni tunalijua hili bila kufundishwa na fundi.

Basi fundi wa ndege afanye hivi. Mifumo miwili ya cheche isilishwe na waya mmoja, fyuzi moja wala swichi moja, na waya wake wa kurudisha umeme usifungwe kwenye bolti moja. Umeme wa injini utoke kwenye betri kwa njia yake yenyewe, ili moshi ukitokea ndani rubani azime swichi kuu bila kuzima injini. Kama pampu ya mafuta ni ya umeme, ziwe mbili. Iwepo taa ya onyo itakayowaka alteneta inapoacha kuchaji. Katika mfumo wa volti 12, umeme ukishuka chini ya volti 13 injini ikiwa katika mwendo wa kawaida, betri imeanza kuliwa.

Nyaya nazo hukatika kwa mtikisiko, hasa pale zinapoungana na vichwa vyake. Zishikwe kwa vibano, na pale zinapopenya bati ziwekewe mpira zisichubuke. Mwisho, alteneta izimwe ndege ikiwa chini na saa itazamwe: betri inaibeba injini kwa dakika ngapi? Jibu hilo ndilo litakalomwambia rubani ana muda gani wa kutafuta uwanja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na angani hakuna mahali pa kujenga ukuta.

Kurudi Kenya

Beryl alihamia Marekani, na mwaka 1942 akatoa kitabu cha maisha yake, West with the Night. Wako waliodai kwamba mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika, na ubishi huo haujaisha. Kitabu kilisahaulika hadi kilipochapishwa upya mwaka 1983.

Alirejea Kenya miaka ya mwanzo ya 1950, akarudia farasi na kushinda mbio za Derby mara kadhaa. Alifariki Nairobi Agosti 3, 1986, akiwa na umri wa miaka 83, nusu karne baada ya tangi lake la mwisho kukosa hewa.