Mahjub bin Adam: alifuata mshahara wa vita mpaka Berlin, akaingia sinema

Hapa Uvira, vijana wengi watakutajia bila shida majina ya wachezaji wa filamu za Kihindi na za Amerika. Lakini wachache wamesikia habari ya mtoto wa Dar es Salaam, mwenye lugha yake ni hii hii Kiswahili, aliyeonekana katika sinema za Ujerumani tangu mwaka 1934. Alicheza katika filamu zisizopungua 23. Aliitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Wazungu walimjua zaidi kwa jina la Mohamed Husen. Sinema siyo iliyompeleka Ulaya. Alikwenda kudai franga zake na za baba yake, na deni lile hakulipwa mpaka anakufa.

Mtoto wa efendi

Mahjub alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Mji ule ulikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani, na koloni hilo lilifika mpaka ngambo yetu hapa. Usumbura, tunayoiita leo Bujumbura, ilikuwa kituo cha jeshi lao, na Warundi wangali wanawaita Abadagi. Mtu aliyesimama pwani ya Uvira miaka ile, akiangalia upande wa pili wa ziwa, alikuwa anaangalia nchi ya Wajerumani.

Baba yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudani. Wajerumani walianza kuchukua askari Wasudani huko Misri mwaka 1889, wakati Hermann Wissmann alipotumwa kuzima uasi wa Abushiri kule pwani. Baba wa Mahjub alipanda cheo mpaka akawa efendi, na hicho ndicho kilikuwa cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika aliweza kupata katika jeshi lile. Kwa hiyo mtoto alikulia katika nyumba yenye heshima yake: baba ana mshahara, ana sare, na watu wanamwogopa.

Heshima hiyo ilikuwa na upande mwingine. Askari hao ndio waliotumwa kukusanya kodi, kuchoma vijiji na kuvunja vita ya Maji Maji, iliyoanza mwaka 1905 wakati Mahjub angali mtoto mdogo wa kubebwa. Watu walilipia heshima ya askari kwa damu yao. Lakini mtoto hachagui nyumba ya kuzaliwa.

Mahjub alisoma, akajua kuandika, na akajifunza Kijerumani vizuri. Wajerumani walihitaji makarani Waafrika, kwa sababu kazi ya serikali yao ilikwenda sana kwa Kiswahili. Mwaka 1913 alikuwa Lindi, anafanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo. Alikuwa na miaka tisa tu.

Vita ikamkuta

Mwaka 1914 Vita ya Kwanza ya Dunia ikaanza. Huku kwetu ilifika upesi: tarehe 22 Agosti 1914 Wajerumani walishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, pale Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Miaka miwili nyuma yake, Juni 1916, askari wa Force Publique waliteka Usumbura, kisha Kigoma, na mwezi wa Septemba wakaingia Tabora. Meli ambayo watu wa ziwa wanaijua kama Liemba ilikuwa meli ya vita ya Wajerumani wakati ule. Wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma ili isishikwe.

Mahjub hakuwa upande huu. Yeye na baba yake walijiunga na jeshi la Wajerumani, baba kama efendi, mtoto akiwa na miaka kumi. Hapa Uvira hatuhitaji mtu atueleze maana ya mtoto ndani ya jeshi. Tumewaona watoto wetu wakibebeshwa mizigo na bunduki za watu wazima. Mahjub alikuwa mmoja wa watoto kama hao, miaka zaidi ya mia moja iliyopita.

Alikaa vitani zaidi ya miaka mitatu. Katikati ya Oktoba 1917 majeshi yalikutana Mahiwa, nyuma ya Lindi, katika pigano moja kali kuliko yote ya vita ile katika Afrika ya Mashariki. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000 kwa siku chache. Mahjub alijeruhiwa hapo, akashikwa na Waingereza, akawa mfungwa wa vita akiwa na miaka 13.

Vita ilipokwisha, Wajerumani walikuwa wameshindwa na koloni lao limegawanywa: Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, Ruanda-Urundi kwa Wabelgiji. Askari waliowatumikia wakabaki bila serikali ya kuidai. Mishahara ya miezi na miezi ilikuwa haijalipwa.

Boyi wa meli

Kijana huyo sasa alijua mambo mawili yenye soko: Kijerumani na kazi. Akaingia melini. Kwanza alikuwa boyi katika meli za wasafiri, na mwaka 1925 alikuwa anatumikia mezani katika meli ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyokuwa inaunganisha Ujerumani na pwani ya Afrika ya Mashariki. Melini alijifunza kubeba sahani, kuzungumza na Wazungu wa kila namna, na kujua wanataka kumwona Mwafrika wa aina gani. Somo hilo lilikuja kumsaidia, na pia kumfunga.

Mwaka 1929 alishuka Ujerumani, akaenda Berlin. Alipeleka dai lake Wizara ya Mambo ya Nje: mshahara wake wa vita, pamoja na ule wa baba yake. Jibu lilikuwa fupi. Amechelewa, muda wa kudai umepita.

Wengine wangerudi nyumbani. Mahjub alibaki. Alikuwa na miaka 25.

Berlin, kabla ya kamera

Alipata kazi katika Haus Vaterland, jengo kubwa la starehe pale Potsdamer Platz. Ndani yake kila ukumbi ulijengwa kama nchi fulani: hapa mkahawa wa Kituruki, pale baa ya Amerika ya magharibi. Wageni walikuja kula, kunywa na kuona watu wa mbali. Mhudumu mweusi alikuwa sehemu ya mapambo. Kwa maneno mengine, Mahjub alikuwa anaigiza kila usiku kabla hajaona kamera.

Kazi yake ya pili ilikuwa ya akili. Alifundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin, ambako maofisa na polisi walijifunza lugha wakitumaini kwamba siku moja makoloni yatarudi. Baadaye alikuwa chini ya profesa mashuhuri wa lugha za Kiafrika, Diedrich Westermann. Wanafunzi walisikia Kiswahili sahihi kutoka kinywa cha mwenyewe, lakini yeye alilipwa kama msaidizi tu, na kidogo.

Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner. Siku tatu tu baadaye Hitler akashika serikali.

Jukumu la kwanza

Mlango wa sinema ulifunguka mwaka 1934. Mwongozaji Herbert Selpin alikuwa anatengeneza Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, filamu juu ya Wajerumani wa Afrika ya Mashariki wakati wa vita ya 1914. Alihitaji Waafrika mbele ya kamera. Mahjub alikuwa na kila kitu: alijua Kijerumani, alijua Kiswahili, na vita ile aliijua kwa jeraha la mwili wake. Hivyo kazi yake ya filamu ilianza kwa kuigiza vita ambayo hakulipwa mshahara wake.

Mwaka huo huo aliomba nishani waliyopewa wapiganaji wa zamani. Akakataliwa. Akanunua nishani mwenyewe, akaivaa.

Kuanzia hapo kazi zilifuatana. Mara nyingi hakuwa na maneno mengi ya kusema. Alikuwa boyi, mbeba mizigo, mtu wa kufungua mlango. Mwaka 1937 alionekana katika Zu neuen Ufern pamoja na Zarah Leander, mwimbaji ambaye Ujerumani nzima ilikuwa inampenda. Pesa za filamu zilimsaidia sana, kwa sababu mwaka 1935 alipoteza kazi ya Haus Vaterland, na sheria za ubaguzi zilikuwa zinawafungia watu weusi njia moja baada ya nyingine. Alizunguka pia na maonyesho yaliyoitwa Deutsche Afrika-Schau, yaliyowakusanya Waafrika ili Wajerumani waje kuwatazama.

Mtu anaweza kumlaumu: kwa nini alisaidia propaganda ya watu waliomdharau? Lawama ina ukweli wake, kwani alisimama hadharani pamoja na waliotaka makoloni yarudi. Lakini tuangalie pia alikuwa na nini mkononi. Alikuwa na mke, watoto, na chumba cha kulipia. Na sifa moja tu ndiyo ilimfanya avumiliwe katika mji ule: sifa ya askari mwaminifu. Aliishika kama mtu anavyoshika ubao wa mtumbwi uliopasuka katikati ya ziwa.

Filamu ya mwisho

Jukumu lake kubwa kuliko yote lilikuja katika Carl Peters, filamu ya mwaka 1941, chini ya Selpin yule yule. Peters ndiye Mjerumani aliyezunguka na mikataba ya ulaghai mwaka 1884 na kufungua njia ya koloni. Watu wa Afrika ya Mashariki walimwita Mkono wa Damu. Filamu ilimfanya shujaa. Mahjub alicheza Ramasan, mwongoza njia wake. Waafrika wengine waliojaza picha hiyo walikuwa wafungwa wa vita, askari wa makoloni ya Ufaransa walioshikwa na Wajerumani.

Mwaka huo huo Gestapo walimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Hakupelekwa mbele ya hakimu. Walimtia katika kambi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, na huko alikufa tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40.

Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee wa Afrika ya Mashariki waliokuwa wangali hai, na wazee walikusanyika Mwanza kupokea pesa zao. Dai lililoitwa la kuchelewa mwaka 1929 halikuwa limechelewa hata kidogo, miaka 35 baadaye. Ila Mahjub alikuwa amekwisha kufa miaka ishirini.

Tangu 2007 kuna jiwe dogo la shaba mbele ya nyumba aliyokaa, Brunnenstraße 193, Berlin, lenye jina lake. Na baadhi ya filamu alizocheza zingali zipo. Anayezitazama leo atamwona kijana wa Dar es Salaam akipita nyuma ya mastaa, amebeba sinia, kimya.