Mnadi wa Mfuko Mmoja wa Unga

Wako watu ambao ukumbusho wao ni majumba na mashamba, na wako ambao ukumbusho wao ni jambo moja tu walilolitenda, likawafuata hadi kaburini. Katika hao wa pili yumo Reuel Colt Gridley, mwenye duka wa Marekani aliyefariki mwaka 1870. Kila mwanachama aliyepata kusimama mbele ya mkutano akaomba mchango, yafaa amjue.

Gridley alizaliwa mwaka 1829 huko Hannibal, mji mdogo wa Missouri, kando ya mto Mississippi. Shuleni alisoma pamoja na mtoto ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Mark Twain, na ni mwandishi huyo aliyeieneza habari yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1872. Alipokuwa mtu mzima alikwenda magharibi kutafuta riziki, kama walivyokwenda maelfu wengine. Mwaka 1864 alikuwa na duka la vyakula huko Austin, mji wa wachimba madini ya fedha uliozuka ghafula katika nyika ya Nevada.

Siku hizo Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1861. Majimbo ya kusini, yaliyoushikilia utumwa, yalikuwa yamejitenga, na damu ilimwagika kila upande. Majeruhi walikuwa wengi kuliko uwezo wa serikali kuwauguza. Kwa hiyo raia waliunda tume ya afya ya kuwasaidia askari wa serikali kuu, nayo ilikusanya michango ya kununulia dawa, nguo na chakula cha wagonjwa.

Vita hivyo vilikuwa mbali na Austin, lakini ubishi wake ulikuwapo kila barazani. Gridley alikuwa mtu wa chama cha Democratic, naye alitoka katika jimbo la watumwa. Mwezi wa Aprili, 1864, mji ulipofanya uchaguzi, aliwekeana sharti na daktari mmoja wa chama cha Republican: yule ambaye chama chake kitashindwa ataubeba mfuko wa unga wa ratili 50 begani, apite nao mjini mbele ya watu wote.

Chama cha Gridley kilishindwa. Wengi wangalitafuta udhuru, kwani sharti la mdomo halina hati wala mahakama. Yeye alitimiza ahadi yake. Mfuko ulipambwa kwa utepe na bendera, akautia begani, bendi ikatangulia na umati ukamfuata kwa vicheko na vigelegele.

Mwisho wa safari likazuka swali, mfuko ule ufanywe nini. Ikakatwa shauri unadiwe, na fedha ziende kwa majeruhi. Gridley akawa mnadi. Aliyeununua alilipa, kisha akaurudisha ili unadiwe tena. Wa pili akafanya vile vile, na wa tatu, na watu wakaendelea hivyo mpaka zikapatikana maelfu ya dola, na unga ukawa ungali mzima mfukoni.

Habari zilienea, na miji mingine ikautaka mfuko. Gridley akauchukua hadi Virginia City, palipokuwa na machimbo makubwa. Mnada wa kwanza huko ulileta fedha chache kuliko ilivyotazamiwa, na wenyeji wakaona haya. Msafara ukapita Gold Hill, Silver City na Dayton, kila mji ukijitahidi kuushinda mwenzake, na Virginia City nayo ikapata nafasi ya kuifuta aibu yake. Kutoka hapo mfuko ulikwenda California, na baadaye ukafika majimbo ya mashariki. Jumla ya fedha zilizopatikana ilizidi dola 100,000, mali kubwa mno kwa siku zile.

Hapa ndipo pa kutua na kufikiri. Mtu huyu alikuwa ameshindwa katika uchaguzi, na waliomshinda ndio waliokuwa wakiunga mkono vita vile. Angaliweza kutimiza sharti lake, akarudi dukani akinuna. Badala yake alijitoa kuwahudumia majeruhi wa jeshi ambalo chama chake kililitazama kwa shaka, kwa maana jeraha halina chama.

Kazi hiyo ilimgharimu. Alisafiri kwa fedha zake mwenyewe, na kwa muda mrefu duka lake lilikosa mwenyewe. Aliporudi, afya yake ilikuwa imeharibika, na neema ya machimbo ya Austin ilikuwa imepungua. Alihamia California pamoja na jamaa yake, akafia huko mwaka 1870 katika hali ya umaskini, akiwa na umri wa miaka 41. Mikono iliyopitisha mali nyingi vile ya kuwasaidia wengine haikujiwekea akiba yake.

Mwaka 1887 askari wa zamani wa vita vile, pamoja na wenyeji wa Stockton, walimjengea mnara juu ya kaburi lake. Sanamu yake imesimama hapo, na kando yake umo ule mfuko wa unga. Shukrani ilifika, lakini ilichelewa miaka 17. Basi tunaowaona leo watu wa namna hii katika matawi yetu na mahali petu pa kazi, tusingoje kuwashukuru kwa mawe.